Usinikanyagie Upondo Wangu

(Hotuba iliyotolewa na mmoja wa wanafunzi wa zamani katika mkutano wetu wa mwaka, mbele ya walimu, wanafunzi wa zamani na wanafunzi wa sasa.)



Barua ya Katibu ilinitaka niseme machache juu ya michezo na tabia njema. Nilipoisoma niliingiwa na hofu kidogo, kwani kila aliyepata kusimama hapa kuzungumzia jambo hilo alikuwa na kikombe cha kuonyesha. Mimi sina kikombe. Nilikuwa mrukaji wa upondo wa daraja la kati, na kimo changu kikubwa kuliko vyote kilikuwa mita 2.70. Mwaka 2000, wanawake waliporuka upondo kwa mara ya kwanza katika Michezo ya Olimpiki kule Sydney, mshindi wao, Stacy Dragila wa Marekani, alivuka mita 4.60. Kwa hiyo sitazungumzia ushindi. Nimechagua kuzungumzia kero.

Ndiyo, ndugu zangu, kero. Sina maana ya shida kubwa kama njaa au ada. Nina maana ya yale mambo madogo madogo yanayomfanya mrukaji wa upondo akunje uso, na watu wakamwona mtu wa makuu. Nimekaa nazo kero hizo tangu nikiwa kidato cha pili, na nina sababu ya kuzileta mbele yenu leo. Sababu hiyo nitaisema mwishoni, maana si nyepesi kuisema.

Vijana wengi hapa hamjauona mchezo huu isipokuwa katika televisheni, kwa hiyo nianze na mwanzo. Upondo kwa asili ni ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi. Ukienda bonde la Kilombero, katika mkoa wetu huu huu, utamkuta mvuvi amesimama nyuma ya mtumbwi wake, anauchomeka upondo chini kwenye tope, anauegemea, na mtumbwi unakwenda mbele. Mrukaji hufanya vivyo hivyo, ila mtumbwi wake ni mwili wake mwenyewe, na safari yake ni ya kwenda juu. Anakimbia ameubeba upondo, anauchomeka katika kisanduku kilichofukiwa ardhini chenye kina cha sentimita 20, upondo unasimama, naye ananing'inia, anageuka miguu juu kichwa chini, anauvuka ufito uliolazwa juu ya nguzo mbili, anauachia upondo, kisha anaangukia upande wa pili. Akishindwa mara tatu mfululizo, mchezo wake umekwisha.

Wakubwa wa mchezo huu siku hizi hutumia pondo za nyuzi za kioo, zinazopinda kama upinde wa mshale. Kwa pondo za namna hiyo Sergey Bubka, mzaliwa wa Ukraine aliyekuwa akishindania Muungano wa Kisovyeti, alikuwa mtu wa kwanza duniani kuvuka mita 6.00, mjini Paris mwaka 1985. Kwa pondo hizo hizo Okkert Brits wa Afrika Kusini alivuka mita 6.03 mwaka 1995, na Armand Duplantis wa Sweden akavuka mita 6.30 mjini Tokyo mwaka 2025. Lakini msiudharau mwanzi. Mwaka 1942 Mmarekani Cornelius Warmerdam alivuka mita 4.77 kwa upondo wa mwanzi, na rekodi yake haikuvunjwa mpaka mwaka 1957. Ndiyo maana sisi wa mwanzi hatukujiona wanyonge.

Mianzi yetu ilitoka kando ya mto, pale unaposhuka kutoka milimani. Mzee mmoja wa Kiluguru aliyekuwa akituuzia ndiye aliyetufundisha mengi kuliko kitabu chochote. Alisema: msikate mwanzi mchanga, ngojeni ufikishe miaka mitatu, kateni wakati wa kiangazi, ukausheni kivulini, polepole, kwa sababu jua kali huupasua. Sisi tukaongeza la kwetu. Tuliuzungushia uzi wa mkonge kati ya kifundo na kifundo ili usipasuke. Hapa Morogoro mtu hahangaiki kutafuta mkonge. Mchanga wa kuangukia ulitoka mtoni, na uliletwa kwa ndoo na wanafunzi waliokuwa katika adhabu. Kwa hiyo kadiri nidhamu ya shule ilivyoharibika, ndivyo sisi tulivyoangukia pahali laini.

Sasa nizitaje kero zenyewe.

Kero ya kwanza ni maswali. Mchezaji wa mpira haulizwi kwa nini asiushike mpira kwa mikono akautia golini. Lakini mrukaji wa upondo kila siku huulizwa kwa nini asilete ngazi. Mpishi wetu wa shule, Mungu amrehemu, aliniuliza swali hilo kila Jumatano kwa miaka miwili, na kila Jumatano alicheka kana kwamba ndiyo kwanza amelibuni.

Kero ya pili ni usafiri. Mwenye mbio huenda mashindanoni na raba zake mfukoni. Mrukaji huenda na mti wa mita nne. Utingo wa basi huutazama mti, akamtazama mwenye mti, kisha akataja nauli ya abiria wawili na mzigo mmoja. Mara moja tulipokuwa tukienda kushindana tuliambiwa tuukate vipande viwili, tukifika tuuunge. Wala msidhani ni shida ya maskini. Warukaji wakubwa wa Ulaya na Marekani nao wanayo mengi ya kusimulia kuhusu pondo zilizokataliwa katika ndege.

Kero ya tatu ni watu kukatiza njia ya kukimbilia. Mrukaji huzihesabu hatua zake. Anajua kwamba kutoka alama yake mpaka kwenye kisanduku ni hatua kumi na nne, si kumi na tatu, si kumi na tano. Akiwa katika hatua ya tisa, upondo umeanza kushuka, anatokea mtoto wa kidato cha kwanza na ndoo ya maji, au mbuzi wa mwalimu. Mrukaji anasimama ghafla, anapiga kelele, na watu wanasema: huyu ana hasira, mtoto amepita tu!

Kero ya nne ni nguzo na saa. Nguzo huweza kusogezwa mbele kidogo au nyuma kidogo kwa matakwa ya mrukaji mwenyewe, kanuni inamruhusu. Lakini mwamuzi aliyechoka hupenda zikae pale alipozikuta. Tena mchezo wetu huchukua muda mrefu, basi huwekwa mwisho, watu wamekwisha kwenda kula. Nimeruka mara nyingi mbele ya watazamaji watatu, na mmoja wao alikuwa amelala.

Kero ya tano ni makelele. Hii mtaikumbuka wenyewe kama mliitazama Olimpiki ya Rio ya mwaka 2016. Mfaransa Renaud Lavillenie, bingwa wa Olimpiki iliyotangulia, alizomewa na watazamaji wa Brazil akiwa anajiandaa kukimbia, kwa kuwa mshindani wake alikuwa Thiago Braz, mtoto wa nyumbani. Braz alivuka mita 6.03 akachukua dhahabu. Lavillenie alilalamika sana, na wengi walimwona mtu asiyejua kushindwa. Labda ni kweli. Lakini mjaribu ninyi kukimbia na mti wa mita tano huku uwanja mzima ukiwazomea.

Kero ya sita ni ya sisi kwa sisi, maana warukaji nao huudhiana. Yupo anayesema, "Jana mazoezini nilivuka," na jana hakuwapo mtu. Yupo anayepisha vimo vya chini kwa madaha, kisha anashindwa mara tatu katika kimo chake cha kwanza na kuulaumu upepo. Yupo anayekutazama ukishindwa, halafu anakueleza kosa lako kabla hujajipangusa mchanga. Hawa wapo katika kila kazi, nami nimekaa nao ofisini.

Haki inanitaka niseme pia kwamba mchezo huu umetoa marafiki wakubwa. Huko Berlin mwaka 1936 Wajapani wawili, Shuhei Nishida na Sueo Oe, walilingana kwa mita 4.25 na wakakataa kuendelea kushindana wao kwa wao. Mmoja alipewa medali ya fedha na mwingine ya shaba. Waliporudi kwao walizikata medali zile katikati na kuziunga, kila mmoja akabaki na medali nusu fedha, nusu shaba.

Nakuja kwenye kero ya saba, na hii ndiyo baba yao. Ni kero ya mtu kuugusa upondo usio wake. Mrukaji hapendi upondo wake uazimwe, ukanyagwe, urukwe juu, uegemezwe mahali au uachwe juani. Siyo ubahili. Kila upondo una kimo chake na uzito wa mtu unayeweza kumbeba. Akiutumia mtu mzito kuliko mwenyewe, unaweza kuvunjika siku hiyo hiyo, au ukaumia ndani kwa ndani ukaja kuvunjika siku nyingine, mikononi mwa mwenyewe asiyejua. Kanuni za kimataifa za riadha zinasema wazi kwamba mrukaji hataruhusiwa kutumia upondo wa mwenzake bila ridhaa ya mwenye upondo. Ni jambo la usalama lililoandikwa kama jambo la adabu.

Tazameni watu walivyoumizwa na jambo hili. Mwaka 1972, Bob Seagren wa Marekani alikwenda Munich akiwa bingwa wa Olimpiki wa mwaka 1968. Shirikisho la riadha la dunia lilipiga marufuku aina mpya ya upondo aliyoizoea, likaondoa marufuku, kisha likairudisha mashindano yakiwa yamekaribia kabisa. Aliruka kwa upondo mgeni akapata nafasi ya pili kwa mita 5.40, nyuma ya Wolfgang Nordwig wa Ujerumani ya Mashariki aliyevuka mita 5.50. Alipomaliza alimwendea kiongozi wa shirikisho akamkabidhi upondo ule pale pale uwanjani. Mwaka 2008 mjini Beijing, upondo mmoja wa Fabiana Murer wa Brazil ulipotea mashindano yakiendelea. Alizunguka uwanjani akiutafuta, akabishana na waamuzi, akataka mchezo usimame. Hakuupata, akamaliza wa kumi. Wapo waliosema anafanya fujo kwa ajili ya fimbo. Miaka mitatu baadaye, huko Daegu, alikuwa bingwa wa dunia.

Ndugu Mwenyekiti, sasa nimefika pale nilipoahidi.

Katika kundi letu la warukaji alikuwapo mwenzetu mmoja ambaye hapa sitamtaja jina, ingawa wa rika langu mnamjua. Sisi tulimwita Kanuni. Alistahili jina hilo. Kero zote saba nilizozitaja alikuwa nazo, na nyingine akazibuni mwenyewe. Alipima mchanga kwa mguu kabla ya kila mruko. Aliukagua upondo wake kwa kidole, kifundo kwa kifundo, kama daktari anayempapasa mgonjwa. Kila tulipotoka stoo alikuwa akisema maneno yale yale: "Jamani, usinikanyagie mtu upondo wangu." Tukawa tunaimba maneno hayo kwa sauti yake bwenini, tukipiga sahani. Yeye hakukasirika. Alituzidi sote, maana alikuwa amevuka mita 3.10. Alitaka akimaliza shule ajiunge na jeshi, na sidhani kama kulikuwa na kijana aliyefaa kuliko yeye.

Ilikuwa mwezi wa Agosti, mwaka 1997, mwezi uleule ambao Bubka alipata ubingwa wa dunia kwa mara ya sita mjini Athens. Mashindano ya mabweni yalikuwa Jumapili. Jumamosi ilikuwa siku ya kufua. Waya wa kuanikia ulikuwa umekatika, nami nilikuwa nimefua mablanketi mawili. Niliingia stoo, nikauchukua upondo wa karibu, nikaulaza juu ya matawi ya miti miwili, nikaanika. Ulikuwa wa Kanuni. Niliujua. Nilijiambia nitaurudisha kabla hajatoka prepu ya mchana.

Ukakaa juani tangu saa nne mpaka saa kumi na mablanketi mabichi juu yake. Nilipokuja kuushusha ulinasa katika tawi, nikauvuta, ukaanguka, nami kwa haraka nikaukanyaga. Nikasikia sauti ndogo, ka! Niliinama nikautazama. Palikuwa na ufa mwembamba kama unywele, kati ya kifundo cha tatu na cha nne kutoka chini, urefu wa kiganja.

Ndugu zangu, kila Mswahili anajua kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi niliuziba. Nilitafuta uzi wa mkonge nikauzungushia pale penye ufa, kwa uangalifu, ili ufanane na nyuzi nyingine. Niliuziba ufa usionekane kwa macho, basi. Nikaurudisha upondo stoo nikaenda kula ugali wangu.

Kwa nini sikusema? Nimejiuliza swali hilo kwa miaka mingi. Sikumchukia yule kijana, nilimpenda. Jibu langu ni dogo na la aibu. Nilijua kwamba nikimwambia, atanisomea mahubiri, na watu watacheka, na safari hii watanicheka mimi. Tena tulikuwa tumekwisha kuzoea kwamba Kanuni analalamika tu, kwamba kelele zake hazina kitu ndani yake. Mtu akizoea kucheka kelele, hata akiuona ufa kwa macho yake mwenyewe hudhani ni sehemu ya mzaha.

Jumapili jioni aliruka. Alivuka 2.60, akavuka 2.80. Katika 2.90 alikimbia vizuri kuliko siku zote. Upondo ukaingia katika kisanduku, ukasimama nusu, ukalia. Wale mliokuwapo mnaikumbuka sauti ile. Ulikatika chini ya mikono yake akiwa amekwisha kugeuza miguu juu, naye akaangukia ukingoni, nje ya mchanga, juu ya mkono wa kulia.

Sitayaeleza yaliyofuata, ila niseme kwamba mkono uliunga, lakini kiwiko hakikunyooka tena sawasawa mpaka leo. Jeshini hakuingia. Alisoma, akawa mwalimu wa hisabati, na wanafunzi wake wamefaulu sana. Lakini siyo kazi aliyoitaka.

Nami nilinyamaza. Walimu walisema mwanzi ulikuwa mkavu mno. Kila mtu akakubali. Nilinyamaza mpaka nikamaliza kidato cha sita, nikanyamaza chuo kikuu, nikanyamaza nilipoajiriwa serikalini. Tuliendelea kuwa marafiki, nilisimama katika harusi yake, na bado nilinyamaza.

Mwaka 2016, nikiwa safarini kikazi, nililala kwake. Ilikuwa usiku wa fainali ya Rio niliyoitaja. Mvua ilinyesha huko, mashindano yakachelewa, na kwa saa za kwetu yaliisha kunakaribia kucha. Tulikaa wawili sebuleni, kahawa imepoa. Lavillenie alipozomewa, rafiki yangu alinyoosha ule mkono wake usionyooka kuelekea televisheni akasema, "Wanamcheka. Akinyamaza ndiyo watajua." Hapo nikashindwa kuvumilia. Nikamweleza yote: mablanketi, jua, mguu wangu, uzi wa mkonge.

Alikaa kimya muda mrefu. Kisha alisema jambo ambalo ndilo lililonileta mbele yenu leo. Alisema, "Uzi niliuona."

Akanieleza. Yeye alikuwa akifunga fundo lake upande wa kushoto kwa sababu alikuwa anatumia mkono wa kushoto. Mimi natumia wa kulia. Alipoukagua upondo Jumapili ile, kidole chake kilikuta fundo moja limekaa kulia. Alijua kwamba si lake. Alitaka kumwita mwamuzi na kuomba muda aufungue uzi ule atazame chini yake. Akafumbua kinywa. Wakati huohuo bweni zima likaanza kuimba: "Usinikanyagie upondo wangu!" Tulikuwa tukiimba kwa furaha, na sauti yangu ilikuwamo. Akaona haya. Akasema moyoni, leo sitalalamika, leo nitakuwa kama wenzangu. Akaubeba upondo akaenda kwenye alama yake.

Hiyo ndiyo kero pekee aliyopata kuimeza, na ndiyo pekee iliyokuwa na ufa chini yake.

Ndugu zangu, nimefanya kazi serikalini kwa miaka ishirini sasa. Sehemu kubwa ya kazi yangu ni kusoma na kusikiliza malalamiko. Mengi ni ya bure, na sitaki kuwadanganya vijana hawa kwamba kila mnung'unikaji ana hekima. Yupo anayelaumu upepo, kama nilivyosema. Lakini nimejifunza kutenganisha. Lalamiko la mtu juu ya heshima yake linaweza kungoja mpaka kesho. Lalamiko la mtu juu ya chombo chake cha kazi halingoji. Mpishi akisema kisu hiki kimelegea mpini, muuguzi akisema taa hii inazimika zimika, karani akisema sahihi hii si ya bosi, mwacheni amalize sentensi yake, hata kama jana alilalamika juu ya chai.

Nitatoa mfano mmoja tu. Tulikuwa tunakwenda Mgeta kwa kazi. Mnaijua barabara ile inavyopanda na kuzunguka, mlima mkono huu na bonde mkono ule. Dereva wetu alikuwa mtu wa kero nyingi. Kila asubuhi alikuwa na jambo. Siku hiyo alisema breki zinamwambia kitu asichokielewa. Wenzangu walicheka, wakasema tumekwisha kuchelewa. Mimi nilimwona Kanuni amesimama na upondo wake. Nikasema, gari lisiondoke. Fundi alipolala chini ya gari alikuta bomba la mafuta ya breki limechubuka, linavuja. Tulifika Mgeta siku ya pili yake. Hakuna aliyeandika habari hiyo popote, kwa kuwa jambo ambalo halikutokea haliandikwi.

Kwa vijana wa shule ninayo maneno matatu. La kwanza: ukiharibu chombo cha mwenzako, sema leo. Aibu ya leo ni ya jioni moja, lakini aibu uliyoifunga kwa uzi wa mkonge inakua nawe. La pili: usimpe mwenzako jina la utani litakalomziba mdomo. Mtamwita Kanuni, mtamwita Kelele, na siku atakapouona ufa atanyamaza ili muwe radhi naye. La tatu ni kwa ninyi wenye kero. Msione haya. Chagueni maneno, punguzeni ukali, lakini ikifika kwenye upondo, fungueni uzi mtazame, hata kama uwanja mzima unaimba.

Kwa wanafunzi wa zamani wenzangu ninalo moja. Nasikia yapo mawazo ya kuufufua mchezo huu hapa shuleni. Nayaunga mkono kwa moyo wote, na nipo tayari kuchangia. Ila tuanze na magodoro ya kuangukia na pondo zilizopimwa, kisha ndipo tutafute warukaji. Tusianze na warukaji, halafu magodoro yafuate bajeti ya mwakani.

Ndugu Mwenyekiti, namalizia. Katika kanuni za mchezo huu ipo moja niipendayo kuliko zote. Inasema kwamba mrukaji akivunjikiwa na upondo katikati ya mruko wake, mruko huo hauhesabiwi kuwa kosa, naye atapewa nafasi nyingine ya kuruka. Rafiki yangu hakuipata nafasi hiyo, kwa kuwa alikuwa njiani kwenda hospitali. Mimi niliipata, asubuhi ile ya mwaka 2016. Baada ya kuniambia aliyoniambia, alisimama, akaenda kuchemsha kahawa nyingine, akarudi na vikombe viwili.

Amenipa ruhusa ya kuyasema haya hadharani, na yuko nasi hapa leo, mstari wa tatu, karibu na dirisha. Aliniomba jambo moja tu, niwaambie vijana kwamba hajaacha kulalamika. Tangu tulipoingia humu ndani amekwisha kuniambia mara mbili kwamba benchi alilokalia limelegea mguu.

Mwalimu Mkuu, naomba litazamwe.